Gari la Zamani Husema Kabla ya Kuvunjika: Usukani na Springi Katika Njia ya Embu na Meru



Wapenzi wasomaji, familia nyingi za mwambao zina jamaa zao bara. Wako mabinti zetu walioolewa Meru, wako vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya Chuka na Embu, na ziko nyumba ambazo wazee wake walitoka Pwani zamani, wakazaa na kujukuu huko huko. Basi shule zinapofungwa, au sikukuu inapokaribia, gari la nyumbani hupakiwa watoto, mikoba na kapu la halua na tende, nayo safari ikaanza. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480. Kutoka Nairobi hadi Embu ni 125 hivi. Na kutoka Embu hadi Meru ni kiasi kama hicho tena.

Gari lenyewe aghalabu si jipya. Ni Toyota Corolla au Probox iliyokwisha kutembea miaka 15 au 20, ikatumiwa kwanza Japani, ikauzwa Mombasa, kisha ikapita mikononi mwa wawili watatu kabla ya kufika kwetu. Kuwa na gari la umri huo si aibu, na likitunzwa litafika na kurudi. Hatari yake ni kutosikilizwa. Viungo vya usukani na vya springi havifi ghafla isipokuwa kwa nadra; hulegea siku baada ya siku, na kila hatua ya kulegea kwake hutoa dalili.

Katika makala haya tumekusudia kuzieleza dalili hizo, namna ya kuzitambua, na namna ya kumweleza fundi. Tunawaandikia akina baba wanaoendesha, na tunawaandikia zaidi akina mama, ambao wengi wao sasa huendesha wenyewe, na wasioendesha hukaa kiti cha kando wakisikia mengi. Dereva aliyezoea gari lake huzoea na kelele zake. Anayekaa kando yake huzisikia upya kila safari.

Tambarare huficha, bonde hufichua

Katika miji yetu ya Pwani gari huenda polepole juu ya ardhi tambarare. Msongamano hauliachi likimbie, na kona zetu ni za mitaani. Kiungo kilicholegea chaweza kukaa mwaka mzima bila kujitangaza. Fauka ya hayo, hewa yetu ya chumvi hula chuma taratibu: springi huota kutu pale chini inapokalia, nati hushikana na bolti zake, na raba hukauka na kupasuka kwa joto. Yote hayo hutukia chini ya gari, mahali pasipoonekana na mtu anayeliosha juu.

Njia ya Embu na Meru ina tabia nyingine. Inapita kwenye miguu ya mashariki ya Mlima Kenya, na mito inayoshuka kutoka mlimani imeikata kwa mabonde marefu. Ukishatoka Embu na kuipita Runyenjes, utashuka hadi mto Thuci, kisha utapanda kwenda Chuka. Baada ya Chuka kuna bonde la Nithi, na mbele yake, ukielekea Nkubu, kuna bonde la Mutonga. Kila bonde lina mteremko, kona, daraja na mwinuko. Gari linaposhuka, uzito wake huyaelemea magurudumu ya mbele. Linapokata kona, uzito huhamia upande wa nje. Kiungo kilichokuwa kikilegalega kidogo kule Nyali au Likoni hapo hubebeshwa mzigo ambao hakijaubeba kwa muda mrefu, nacho hulia.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kukumbushwa jina la Nithi. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa liliacha njia penye daraja la Nithi, likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira waliofiwa. Habari zilizotangazwa wakati ule zilitaja breki, wala hatusemi kwamba usukani ndio uliokuwa sababu. Tunaitaja ajali hiyo kwa kuwa familia zetu hupita hapo hapo, na kwa kuwa mahali pale hapampi dereva muda wa kujiuliza kelele ile ya asubuhi ilikuwa ya nini. Swali hilo lafaa kuulizwa nyumbani, kabla ya kufunga mizigo.

Viungo na kazi zake

Usukani ulikuwa wa vyombo vya baharini kabla ya kuwa wa magari, na maana yake haikubadilika: ni kile ambacho mkono wa mtu hukishika ili chombo kizima kifuate. Katika gari, mkono wa dereva huzungusha nguzo ya usukani. Nguzo huzungusha gia iliyomo ndani ya reki, yaani ufito wa chuma wenye meno. Reki husogea kushoto au kulia. Na ncha zake mbili husukuma tairodi, ambazo ni vijiti vinavyoyageuza magurudumu ya mbele. Popote penye ulegevu katika mnyororo huo, mkono hugeuka na gurudumu huchelewa.

Upande wa pili ni viungo vinavyolibeba gari. Springi hubeba uzito. Shokomzoba, ambazo mafundi wengi huziita shoksi, huizuia springi isiendelee kulirusharusha gari baada ya shimo. Mkono wa chini hulishikilia gurudumu lisiyumbe mbele wala nyuma. Mwisho wake mmoja umefungwa kwa bushi za raba, na mwisho wa pili kwa bolijointi, yaani kichwa cha chuma cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Kuna pia ufito unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale mno kwenye kona. Vijiti vyake viwili vya pembeni mafundi huviita linki.

Inafaa kulijua jambo moja hapa, kwa kuwa limewapotezea wengi fedha zao. Shokomzoba hazilibebi gari. Gari likiwa limeinama upande mmoja au limekaa chini kwa nyuma hata likiwa tupu, ugonjwa uko kwenye springi iliyochoka au iliyokatika, na kununua shoksi mpya hakutaliinua.

Dalili na tafsiri yake

Kila dalili ina maswali yake manne: hutokea lini, kwa mwendo gani, kwa upande gani, na dereva alikuwa akifanya nini wakati huo. Mwenye majibu ya maswali hayo amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya fundi.

*Gari huvuta upande mmoja.* Kabla ya jambo lolote, upimwe upepo wa matairi yakiwa yamepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho penye fremu ya mlango wa dereva. Tairi moja la mbele likipungukiwa, gari huvuta upande wake. Tukumbuke pia kwamba barabara nyingi huinamishwa kidogo kando ili maji yatiririke, na kwa kuwa sisi huendesha kushoto, gari zima huweza kuteleza kushoto taratibu usukani ukiachiwa. Kuvuta kunakozidi hapo ndiko kwenye maana. Upepo ukiwa sawa, fundi ayabadilishe matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, iwapo matairi yenyewe ni ya namna inayoruhusu. Uvutaji ukihama upande, ugonjwa ni wa tairi. Usipohama, huenda ni alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu uliopotoka, au ni breki inayong'ang'ania. Breki hiyo hujulikana kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko wenzake baada ya safari, na pengine kwa harufu ya kuungua.

*Usukani hutetemeka.* Ukitetemeka kwa mwendo fulani tu, tuseme baina ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha ukatulia juu au chini ya hapo, aghalabu gurudumu limekosa balansi, au rimu imepinda, au tairi limevimba. Ukitetemeka pale tu breki inapokanyagwa, hasa kwenye mteremko, diski za breki hazina usawa. Na huko Meru na Embu kuna sababu nyepesi ambayo mgeni wa Pwani huenda asiifikirie: udongo mwekundu wa njia za mashambani, mvua inaponyesha, hujisokota ndani ya rimu ukakauka. Gari likirudi kwenye lami hutikisika kama lenye ugonjwa mkubwa. Dawa yake ni ndoo ya maji na kijiti.

*Usukani una mchezo.* Maana yake ni kwamba mkono hugeuza kidogo na magurudumu yasifuate, na dereva hujikuta akiusahihisha usukani huku na huku hata kwenye njia iliyonyooka. Kwa gari dogo la kawaida, ukingo wa usukani ukiweza kusogea zaidi ya sentimita 3 hivi bila gurudumu kujibu, hali imezidi. Wa kushukiwa ni ncha za tairodi, reki yenyewe, au kiungo cha nguzo ya usukani.

*Usukani ni mzito.* Ukiwa mzito daima, tazameni upepo wa matairi ya mbele, kisha mafuta ya usukani. Ukilia kwa sauti nyembamba unapozungushwa hadi mwisho, mkanda unaoizungusha pampu huenda umelegea au mafuta yamepungua. Mafuta hayapungui bila kuvuja, kwa hiyo kuongeza tu kila juma si tiba. Katika magari ambayo usukani wake husaidiwa na umeme, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, na hapo hakuna mafuta ya kuongeza.

*Usukani haurudi.* Baada ya kona, usukani wa gari zima hujirudia wenyewe katikati. Ukibaki ulipoachwa hata dereva aurudishe kwa mkono, kuna kiungo kinachokwama: pengine bolijointi iliyokauka grisi, pengine beringi iliyo juu ya shokomzoba, pengine alaimenti.

*Gari hugonga.* Mgongo mwepesi wa "kok-kok" kwenye vijishimo vidogo, kwa mwendo wa polepole, mara nyingi ni linki au bushi zake. Mgongo mzito mmoja gari linaposhuka tuta huelekeza kwenye bolijointi, kwenye bushi za mkono wa chini, au kwenye kiti cha juu cha shokomzoba. Mgongo unaonyamaza breki inapokanyagwa kidogo huenda ni wa vifaa vya breki vilivyolegea. Mlio wa "tak-tak-tak" gari likizunguka huku usukani umekunjwa hadi mwisho ni wa jointi ya ekseli, ambayo ni kiungo kingine kabisa.

*Gari huruka au hulala.* Likiendelea kunesa baada ya tuta, likichutama mbele sana kwenye breki, au likilala kwenye kona hata watoto wakaegemeana, shokomzoba zimechoka. Dalili nyingine ya shokomzoba ni alama za mafuta yaliyotiririka kwenye mwili wake, na tairi lililoliwa kwa vishimo vishimo. Vishimo hivyo huhisika ukipitisha kiganja juu ya tairi.

*Gari huvuma.* Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua, na unaobadilika kwenye kona, ni wa beringi ya gurudumu. Ukizidi wakati wa kukata kona ya kulia, ambapo uzito huwa umehamia kushoto, beringi ya kushoto ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Kisa cha njia ya Thuci

Mwaka mmoja tulipokuwa Embu tulishuhudia jambo linalofaa kusimuliwa. Familia moja ya Malindi ilikuwa ikirudi kutoka Meru kwa gari lililokuwa likivuta upande. Kwao Pwani walikwisha kulipa alaimenti mara mbili na kununua matairi mawili mapya, na kasoro ikabaki vile vile. Fundi wa jua kali aliyeitwa aliuliza maswali yake, na mume akajibu kwamba gari linavuta tu.

Mkewe, aliyekuwa barazani akimpakata mtoto, akasema, "Fundi, halivuti namna moja. Baba watoto akikanyaga mafuta, linakwenda kushoto. Akiinua mguu, linarudi kulia. Kwenye mteremko wa Thuci niliuona usukani ukicheza kila alipoinua mguu."

Fundi akamgeukia. "Mama, hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta."

Aliliinua gari, akaliegemeza juu ya vigingi vya chuma, akaingiza mtaimbo baina ya mkono wa chini na mahali ulipofungwa, akausukuma. Raba ya bushi ilikuwa imeachana na chuma chake. Kila injini ilipovuta, gurudumu lilisogea kidogo. Kila ilipoachia, lilirudi. Ndiyo sababu alaimenti mbili hazikufaa kitu: zilikuwa zimepimwa kwenye gurudumu lisilokaa mahali pake. Bushi zikabadilishwa za pande zote mbili, kisha alaimenti ikapimwa mara ya tatu, nayo ikashika.

Mama yule hakujua jina la kifaa kile, wala hakuhitaji kulijua. Alijua mguu wa mumewe ulikuwa wapi gari lilipoyumba.

Kulichunguza gari likiwa limesimama

Yako mambo ambayo familia yaweza kuyafanya yenyewe mbele ya nyumba, asubuhi ya siku ya mapumziko, bila kufungua kitu.

Kwanza, tazameni matairi. Yakiliwa pande zote mbili na kubaki katikati, upepo ulikuwa mchache. Yakiliwa katikati, ulizidi. Yakiliwa ukingo mmoja, alaimenti imepotoka au kiungo kimelegea. Someni pia tarehe ya tairi: penye maandishi ya ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za juma na mbili za mwaka, kwa hivyo 2319 ni tairi lililotengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri ilhali raba yake imezeeka na kupasuka.

Pili, gari liwe kwenye ardhi iliyo sawa, injini ikinguruma, gia ikiwa huru au kwenye alama ya kuegesha, na breki ya mkono imevutwa. Mmoja aupapase usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine asimame kando na kutazama gurudumu la mbele, akisikiliza. Usukani ukicheza na gurudumu limetulia, au kukisikika mgongo, hapo pana habari.

Tatu, ikandamizeni kila pembe ya gari kwa nguvu kisha muiachilie. Ikipanda na kutulia, vyema. Ikinesa mara mbili tatu, shokomzoba ya pembe hiyo ni ya kushukiwa. Jaribio hili halitoshi peke yake, maana shokomzoba iliyozeeka huweza kukaza kwa sababu ya kutu na ikalipita.

Nne, na hili ni la fundi au la mwenye uzoefu: gari liinuliwe kwa jeki, liegemezwe juu ya vigingi imara, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwa mawe au magogo. Gurudumu likishikwa juu na chini na kutikiswa, ulegevu utakaoonekana ni wa beringi au wa bolijointi. Mtu mwingine akanyage breki huku likitikiswa: ulegevu ukitoweka ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Kisha lishikwe kushoto na kulia. Ulegevu wa upande huo peke yake huelekeza kwenye tairodi au kwenye reki.

Tunasisitiza: asiingie mtu yeyote chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kitambo cha kuokota spana. Na watoto wawekwe mbali.

Mbele ya fundi

Mwambieni fundi dalili, msimwambie kifaa. Mwenye kusema "nibadilishie shoksi" atabadilishiwa shoksi, na kelele yaweza kubaki. Mwenye kusema "linagonga mbele kushoto, kwenye vijishimo, kwa mwendo wa polepole, hasa asubuhi" amempa fundi njia ya kufuata. Inafaa daftari dogo likae ndani ya gari, na mama au kijana mkubwa aandike humo kila dalili pamoja na mahali na mwendo. Kisha fundi apande gari na kusikia mwenyewe kabla ya kufungua nati moja.

Fundi akitaja kifaa, mwombeni kwa adabu aonyeshe kinachocheza. Ulegevu wa kweli huonekana kwa jicho au huhisika kwa mkono. Kifaa cha zamani kikitolewa, ombeni mkione. Fundi mwaminifu hafanyi siri, na wengi wa mafundi wa Embu, Chuka na Meru, ambao kila siku hutengeneza magari ya mabonde haya, hupenda kueleza kazi yao.

Kuna utaratibu ambao haufai kupinduliwa. Matairi na upepo hutangulia, kisha nati za magurudumu, kisha viungo vyenye ulegevu, na alaimenti huja mwisho. Kupima alaimenti kabla ya kuondoa ulegevu ni kupima nguo juu ya mtoto anayerukaruka. Tairodi ikibadilishwa, alaimenti haina budi kufuata. Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, ili pande mbili zifanye kazi sawa. Na bolti za bushi za mkono wa chini hukazwa mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likiwa hewani, raba hukaa imejisokota na hupasuka mapema.

Jihadharini na njia za mkato. Bolijointi iliyolegea kisha ikajazwa kipande cha raba au ikagongwa nyundo ili ikaze haikupona, imenyamazishwa. Vifaa vya raba vilivyotolewa kwenye gari jingine huwa vimekwisha kuzeeka humo. Na wako wanaoingiza vipande vya kuinulia springi ili gari lipite njia mbaya za shamba. Kufanya hivyo hubadilisha pembe za magurudumu na za jointi za ekseli, na huliinua gari likawa jepesi kuyumba kwenye kona. Mwenye kufanya hivyo na apime alaimenti, na apunguze mwendo.

Yasiyongoja na yanayoweza kungoja

Si kila kelele ni ya kusimamisha safari. Linki inayogonga huudhi zaidi kuliko kudhuru, na yaweza kungoja mshahara. Shokomzoba iliyoanza kutoa jasho la mafuta yaweza kupangiwa mwezi ujao, maadamu gari halinesi na mwendo ni wa wastani.

Lakini yako matano ambayo, yakipatikana, gari lisitoke nyumbani: bolijointi yenye ulegevu, kwa kuwa ikichomoka gurudumu hulala, ncha ya tairodi iliyolegea, kwa kuwa ikiachia gurudumu halimsikii dereva tena, kiungo cha nguzo ya usukani kinachocheza, springi iliyokatika, ambayo ncha yake huweza kulikata tairi, na nati za gurudumu zilizolegea. Haya hayatazamwi kwa kuangalia mfuko. Fedha zisipopatosha kwa wakati huo, familia na ipande basi, au safari iahirishwe; Idi nyingine itakuja inshallah.

Kabla ya kuondoka, mizigo nayo ipunguzwe. Buti lililojazwa kupita kiasi huishusha nyuma ya gari na kuiinua mbele, usukani ukawa mwepesi kwa namna isiyopendeza, na taa zikawapofusha wanaokuja. Na mkifika kwenye mabonde, gia ndogo ishikwe kabla ya mteremko kuanza, ili breki zisichomeke kwa kukanyagwa mfululizo.

Anayeshika usukani amebeba amana ya nafsi zote zilizomo, na pia za wale anaokutana nao njiani. Amana hiyo hutimizwa kwa mambo madogo: kupima upepo, kupitisha kiganja juu ya tairi, na kumsikiliza mke anaposema, "Hebu sikia, hiyo ni nini?" Baba, usimjibu kwamba gari limezoea. Punguza mwendo, usikilize pamoja naye, na uandike kwenye daftari.

Tunawaombea wasafiri wetu wote, wa kwenda na wa kurudi, salama na afya. Wabillahi tawfiq.